Mtu Aliyevaa Koti la Lowell

Mara ya kwanza Marlys Ziebarth alipoisimulia habari ya ng'ombe, hakuwa amepanga kuisimulia.

Ilikuwa Ijumaa ya samaki, mlo wa pamoja wa kijiji, katika ukumbi wa zimamoto wa Kessler, na watu walikuwa wamechoka kusikiliza. Wagombea wawili wa Republican walikuwa wakiwania kiti kimoja cha Bunge la jimbo la Wisconsin, na kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba atakayeshinda mchujo wa chama wa Agosti ndiye mbunge, kwa kuwa upande ule hakuna Democrat aliyepata kuchaguliwa tangu enzi za babu zao. Duane Prochnow, muuza matrekta, alikuwa ametangulia kuzungumza. Aliwachekesha, akawataja watu kwa majina, akakaa. Kisha akasimama Marlys, mwanamke wa miaka hamsini na minne, karani wa kanisa la Kilutheri, na karatasi za hotuba yake kuhusu kodi ya ardhi mkononi.

Aliamini kila neno lililoandikwa mle. Aliamini kwamba serikali imenenepa kwa jasho la watu, kwamba maofisa wa Madison, makao makuu ya jimbo, hutunga kanuni za maziwa na mbolea bila kukanyaga banda hata siku moja, na kwamba nyumba yenye baba na mama wanaomcha Mungu ndiyo serikali ya kwanza. Aliyaamini, ila hakujua kuyasema. Watu walirudi kwenye sahani zao. Mtoto mmoja akaanza kulia. Wanaume wawili wakaenda kuongeza bia.

Marlys akaziweka karatasi mezani.

"Mwaka juzi, mwezi wa tatu, tuliuza ng'ombe wetu," akasema.

Akawaeleza jinsi babu wa Lowell, mume wake, alivyoanza na ng'ombe wanne, jinsi bei ya maziwa ilivyoshuka hadi ikawa kila ndoo wanayokamua inawatia hasara, jinsi lori la mnada lilivyoingia uani asubuhi matope yakiwa bado yameganda.

"Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni. Nikamwona mume wangu akimtoa wa mwisho, ng'ombe mzee ambaye hata bei ya nyama hakuifikia. Akasimama naye. Akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya yule ng'ombe, akalia. Baba yake alikufa, hakulia. Binti yetu aliolewa, hakulia. Siku ile alilia mpaka mabega yakatikisika. Dereva wa lori akageuka akatazama barabarani, asije akamwaibisha."

Hakuna uma uliogonga sahani. Kisha mwanamke mmoja wa mbele akasimama, akapiga makofi, na meza baada ya meza ikasimama. Wengi waligeuka kumtazama Lowell, aliyekaa meza ya mwisho karibu na mlango wa jiko. Alikuwa na kipande cha samaki kwenye uma, hakijafika mdomoni wala kurudi sahanini. Uso wake haukujua ukae vipi. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepongezwa kwa jambo asilolitenda.

Njiani ndani ya pikapu, Marlys alingoja aanze yeye. Walipita kanisa, wakapita ghala la nafaka.

"Umeudhika?" akauliza.

"Samaki leo walizidi chumvi," Lowell akajibu, akawasha redio.

Mkuu wa kampeni yake, Craig Dahlke, dalali wa nyumba mwenye simu mbili, alikuja kesho yake kabla hata kahawa haijachemka.

"Marlys, dada yangu, kodi ya ardhi achana nayo. Kila mtu anazungumzia kodi ya ardhi. Prochnow anazungumzia kodi ya ardhi na ana hela kuliko sisi. Lakini Prochnow hana ng'ombe wale."

"Sisi pia hatunao," Marlys akasema.

Craig akacheka. "Umeona? Sema hivyohivyo."

Akaisimulia kwa wawindaji, akaisimulia kwa akina mama wa kanisa, akaisimulia kwenye mkutano wa wenye bunduki na kwenye chakula cha asubuhi cha maveterani. Kila mara ilizidi kunyooka. Alijifunza mahali pa kupumua, na kwamba akilitaja tope lililoganda watu huinamisha vichwa. Machozi yalimjia kweli kila mara, na alipokwisha kuyafuta watu walipanga foleni kumshika mkono. Yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao vya wenzake, sasa chumba kizima kilimnyamazia. Usingemlaumu kwa kulipenda jambo hilo.

Binti yao Janelle alipiga simu kutoka Minneapolis. Siasa za mama na za mwana hazikuwahi kukaa chungu kimoja, na walikuwa wamekubaliana tangu zamani kutozigusa.

"Mama, video yako ya ng'ombe imenifikia. Ulimwomba Baba ruhusa?"

"Ni mume wangu, Janelle."

"Ndiyo. Ulimwomba?"

"Wewe hata ungekuwa unaishi huku usingenipigia kura."

"Hiyo ni habari nyingine," Janelle akasema taratibu. "Mimi nimeuliza hii."

Lowell tangu aachane na ng'ombe alikuwa ameajiriwa kiwanda cha jibini, kuosha matangi. Kazi ilianza alfajiri na kuisha saa nane mchana, na ilimfaa kwa sababu ndani ya tangi hakuna mazungumzo. Ila sasa mazungumzo yalimfuata nje. Kwenye duka la chakula cha mifugo, alikokwenda kununua mbegu za ndege, mwenye duka alikataa pesa yake. "Acha, Lowell, acha tu," alisema kwa sauti ya msibani. Kule sokoni, mwanamke asiyemjua alimkumbatia kati ya viazi na vitunguu, akamwambia wanaume wanaolia ndio wanaume. Lowell alisimama mikono ikining'inia mpaka mwanamke yule alipomaliza.

Kilabuni kwa Rudy, alikokunywa bia mbili kila Jumamosi tangu ujana wake, kulikuwa na meza ya wafuasi wa Prochnow. Mmoja wao, mtu aliyesoma naye, alichukua rundo la karatasi za kufutia mikono akalisukuma taratibu juu ya kaunta mpaka likafika mbele ya glasi yake.

"Chukua, Lowell. Huku tunazo nyingi."

Wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanaotaniana tangu utotoni. Lowell naye akatabasamu. Akamaliza bia yake pole pole ili asionekane amekimbia, akaacha bakshishi, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakwenda, na iliyofuata pia hakwenda.

Marlys hakuona kwamba mumewe hatoki tena. Jumamosi zote yeye hakuwepo nyumbani.

Mwezi wa saba Craig alileta watu wa kamera kutoka Milwaukee. Tangazo la televisheni, alisema, ndilo litakalomzika Prochnow. Waliweka taa ndani ya banda tupu, wakafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa, wakamwita Lowell.

"Wewe simama tu hapo, mzee," akasema msichana wa kamera, ambaye alikuwa mpole na hakutaka kumuudhi mtu. "Kama siku ile."

"Siku ile nilikuwa na ng'ombe."

"Ng'ombe tutamweka baadaye."

Lowell aliangalia zile taa. Aliangalia mahali pa ng'ombe, vyuma vilivyong'arishwa na shingo za miaka mingi. Kisha akamgeukia mkewe, na macho yake yalikaa juu yake muda, kama anayesubiri mtu amkumbushe neno.

Marlys akasema, "Ni dakika chache tu, Lowell."

"Nimekumbuka nina zamu leo," akasema. Akaingia pikapu, akaondoka. Zamu hakuwa nayo, ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Marlys alijua.

Craig alikuna kidevu. "Haina shida. Nani hapa ana umbo lake? Tutampiga picha kwa nyuma, uso hautaonekana."

Jirani wa ng'ambo ya barabara, Gerald Bartelt, alikuwa na mabega mapana, na bado alikuwa na ng'ombe. Walipomwendea alikubali mara moja, kwa kuwa alimpenda Lowell na alidhani anamsaidia. Akaja akimvuta ng'ombe mmoja kwa kamba.

"Ana koti?" msichana akauliza. "La kazi. Lionekane limefanya kazi."

Koti la Lowell lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa uani, la turubai ya kahawia, kiwiko kimoja kikiwa na kiraka alichokishona Marlys mwenyewe. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi na bado lilinuka maziwa. Alilitoa msumarini, akalishika kidogo. Hakuna aliyemlazimisha. Craig hata hakuwepo pale mlangoni, alikuwa nje akiongea na simu. Marlys akavuka ua, akampa Gerald, na Gerald akalivaa, likamkaa vizuri.

Lowell aliliona tangazo lile katika chumba cha kulia chakula pale kiwandani, akiwa na mkate wake mkononi. Televisheni ilikuwa juu ya jokofu. Kwanza ilikuja sauti ya mkewe, kisha banda, kisha mgongo wa mtu aliyeegemea shingo ya ng'ombe. Mabega ya mtu yule yakaanza kutikisika.

"Lowell," akasema kijana mmoja wa mashine za kukata, "mbona umenenepa?"

Wenzake wakacheka. Kisha mmoja wao akaona uso wa Lowell, akaacha kucheka, na wote wakaacha. Mtu mmoja akainuka akazima televisheni. Kuzimwa kule ndiko kulikomuumiza zaidi, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyemtania tena kwa lolote. Waliongea naye kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Saa tisa alikuwa jikoni kwake. Marlys alikuwa amekunjua ramani ya jimbo la uchaguzi mezani, akipanga nyumba za kupigia hodi.

"Nani alivaa koti langu?"

Marlys hakujifanya kutoelewa. "Gerald."

"Gerald analia vizuri."

"Lowell, kaa kwanza. Nilitaka kukwambia. Craig alisema litakuwa la sekunde chache tu, na wewe ulikuwa umeondoka."

"Kwa hiyo niliondoka, ukatafuta mwingine."

"Ninafanya hivi kwa ajili yetu. Kwa ajili ya watu kama sisi. Watu wa Madison hawajui yaliyotupata. Nikikaa kimya nani atawaambia?"

"Waambie yaliyokupata wewe."

"Yalinipata na mimi. Walikuwa ng'ombe wangu pia. Nilikamua na mimba ya miezi minane."

"Hilo ni kweli," Lowell akasema. Alivuta kiti, lakini hakukikalia, alishika mgongo wake. "Hilo lisimulie. Hujawahi kulisimulia hata siku moja."

Lowell akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kuagiza mbegu za ndege.

"Kila mahali unawaambia nilimlilia ng'ombe. Mimi nilikuwa nimekwisha kulia habari ya ng'ombe kabla ya siku ile, bandani, peke yangu. Siku ile niliinua macho nikakuona dirishani. Nikadhani utatoka. Nikamshika yule wa mwisho, nikachelewa naye makusudi, nikingoja utoke. Dereva anatazama saa. Hukutoka. Ulisimama pale mpaka lori likaondoka."

"Nilidhani unataka kuwa peke yako."

"Labda ningekwambia rudi ndani. Sijui. Lakini nilikuwa nakungoja."

Marlys alitaka kusema neno, na kila alilolitafuta lilikuwa amekwisha kulisema mbele ya watu, kwenye kipaza sauti. Nusu saa nzima angeweza kuwaliza watu wasiomjua. Kwa mtu huyu mmoja aliyesimama mbele yake hakuwa na kitu.

"Mbona hukuniambia?" hatimaye akauliza.

"Ningekwambia saa ngapi?"

Siku ile Lowell alihamishia mto na saa yake chumba cha Janelle cha ghorofani. Hakugombana, wala hakubamiza mlango. Asubuhi alimwachia kahawa kwenye birika kama kawaida.

"Liondoe," Marlys akamwambia Craig kwenye simu.

"Lipi?"

"Tangazo."

"Marlys, limeshalipiwa. Tena limeshaanza kutubeba. Wiki mbili zilizopita tulikuwa nyuma ya Prochnow, sasa tuko sawa naye. Unataka kujikata mguu mwenyewe?"

"Nataka liondoke leo."

Craig alipumua kwa nguvu. "Lowell, sivyo? Wanaume wa hapa wote wako hivyo. Shinda kwanza, atafurahi. Nyumba yangu ilikuwa hivyohivyo nilipogombea udiwani."

"Ikawaje?"

"Tuliachana," Craig akasema. "Sawa. Nitalitoa."

Mkutano wa mwisho ulikuwa kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, chini ya turubai, soseji zikichomwa pembeni. Prochnow alichekesha. Marlys alizungumza kuhusu barabara za vijijini, jinsi zinavyofungwa kwa magari mazito theluji inapoyeyuka na malori ya maziwa yakalazimika kuzunguka. Lilikuwa jambo la kweli na alikuwa amelichunguza. Watu wakaanza kujipepea kwa vipeperushi vyao.

"Mama, tupe ile ya ng'ombe," mzee mmoja akaita kutoka nyuma, kwa upendo kabisa. "Mke wangu hajaisikia. Nimemleta kwa ajili hiyo."

Wengine wakaunga mkono. Mke wa mzee, bibi mdogo mwenye kofia ya jua, alijiweka sawa kwenye kiti.

"Ile ni ya mume wangu," Marlys akasema. "Nimeitumia bila kumwomba. Leo sitaisimulia."

Pakawa na mnong'ono wa watu wasiojua kama wameambiwa jambo jema au wamefokewa. Marlys alirudi kwenye barabara. Alipomaliza, makofi yalikuwa ya adabu tu, na foleni ya kumshika mkono haikuwepo. Bibi mwenye kofia peke yake alimsogelea.

"Mume wako yuko hapa?"

"Hayupo. Yuko nyumbani."

"Basi rudi mapema," bibi akasema, akamfuata mumewe kwenye soseji.

Alirudi mapema. Lowell alikuwa amelala.

Alishinda. Marlys alishinda mchujo kwa kura chache, zisizotosha kuujaza ukumbi wa zimamoto, na Craig alisema ni tangazo, na mchungaji alisema ni unyenyekevu wake wa siku ya mwisho, na hakuna njia ya kujua. Lowell alimpigia kura. Alimwambia hivyo mwenyewe, na Lowell si mtu wa kusema uongo. Kwenye sherehe ya ushindi, katika ukumbi wa mchezo wa bowling, watu waliuliza mumewe yuko wapi, naye akajibu ana zamu ya alfajiri. Walimwelewa. Walikuwa wamemzoea yule wa kwenye televisheni, na huyo walikuwa naye tayari.

Uchaguzi wenyewe wa Novemba haukuwa na shaka, na Januari akala kiapo. Lowell alivaa suti ya mazishi, akakaa na Janelle kwenye roshani ya wageni, akasimama kwenye picha alipoambiwa asimame. Kisha akaendesha gari kurudi kwenye zamu yake kabla theluji haijazidi.

Marlys alipanga chumba kwa mjane mmoja, mwendo mfupi kutoka Bungeni. Mswada wake wa kwanza ulikuwa wa zile barabara. Wabunge wenzake walimpokea vizuri, hata wale wa upande wa pili. "Ah, wewe ndiye wa ng'ombe," walisema wakimpa mkono, na mlinzi wa mlango naye akasema hivyohivyo, na kwenye kamati mtu alipotaka kuonyesha jinsi wakulima wanavyoteseka alimwelekezea yeye kidole. Hakuna aliyeuliza habari za barabara. Aliwaambia, tena na tena, kwamba hiyo hasimulii siku hizi. Walimwona ana haya, wakamheshimu zaidi.

Jioni, kikao kikiisha, alimpigia Lowell simu. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Lowell alipokea kila mara, akamweleza hali ya hewa, bomba lililoganda, Gerald ambaye ng'ombe wake mmoja amezaa mapacha. Kisha maneno yakaisha na wakaagana.

Jumatano moja ya mwezi wa pili alimkuta anapika.

"Lowell," akasema, "nilitaka kukuuliza kitu. Si kwa ajili ya watu. Kwa ajili yangu tu."

"Uliza."

"Yule wa mwisho. Ulimwambia nini?"

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye kikaango.

"Subiri," Lowell akasema. "Nyama itaungua."

Akaisikia simu ikiwekwa juu ya meza. Akasikia kikaango kikisogezwa, bomba likifunguliwa na kufungwa, mlango wa kabati. Akasikia kiti kikivutwa, na baada ya kitambo, kisu kikigusa sahani. Lowell alikuwa anakula. Huenda alikuwa amemsahau. Huenda alikuwa bado anatafuta jibu, maana alikuwa mtu wa kutafuta polepole. Au huenda hilo ndilo alilokuwa na uwezo wa kumpa kwa sasa, na amempa.

Marlys alikaa ukingoni mwa kitanda cha mjane, koti lake la theluji bado mwilini, simu sikioni. Hakumwita. Alijizuia hata kukohoa, asije akamkumbusha kwamba yuko pale, na akamsikiliza mumewe akila chakula chake cha jioni mpaka mwisho.